Wanajua kila neno, sentensi hawaielewi: jibu kwa mwalimu anayewafundisha Wachina Kiingereza

*"Shikamoo mwalimu. Ninafundisha Kiingereza sekondari hapa Dodoma. Mara tatu kwa wiki, saa tisa alasiri kwetu ambayo kwao ni saa mbili usiku, ninawafundisha kwa video vijana wanne wa China. Wawili wako Chengdu, wawili Changsha. Ni wanafunzi wa chuo wa miaka 19 hadi 22, wamefaulu mtihani wao wa Kiingereza wa chuo na sasa wanajiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Bidii yao sijaiona kwa mwanafunzi mwingine yeyote. Shida ni moja: nikiwauliza neno mojamoja wanajua yote, nikiwapa sentensi wanapotea. Juzi tulisoma 'The bank refused to meet the cost', binti mmoja akaniambia benki imekataa kukutana na bei. Mwenzake alipokuta 'he could not bear the noise' akauliza dubu ametokea wapi. Niliwaandalia orodha ya maneno 200 na maana zake zote. Walikariri siku kumi. Baada ya wiki mbili zimebaki maana zilezile za kwanza. Yule binti anasema kwenye Kichina neno moja lina maana moja, Kiingereza ndicho kimevurugika. Je, nipige marufuku Kichina darasani? Niwaambie waachane na kamusi za Kichina? Au kuna kitu sikioni?"*

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kipo usichokiona, na wala usijilaumu, kwa sababu hakionekani mpaka mtu achungulie kidogo ndani ya Kichina chenyewe. Tatizo lenu si bidii, si umri wao, na si kwamba Kiingereza kimevurugika. Ni kwamba vijana wako walifundishwa tangu utotoni kuliona neno la Kiingereza kama kitu kilichokamilika, wakati kwa kweli ni nusu ya kitu.

Wachina wenyewe wanalijua tatizo hili, tena wamelipa jina: *shúcí shēngyì*, yaani neno lililozoeleka lenye maana ngeni. Vitabu vya kujiandaa na gaokao, ule mtihani mkubwa wa Juni wa kuingia chuo kikuu ambako Kiingereza kwa kawaida kina alama 150, vina orodha za maneno ya aina hiyo. Kwa hiyo uliposhuka na orodha yako ya maneno 200, wanao walikuwa wameshakutana na dada zake. Waliikariri kwa sababu wewe ni mwalimu na mwalimu huheshimiwa. Kukariri orodha wanakujua kuliko mimi na wewe.

Sasa tuanze na kauli ya yule binti, maana ukiiacha ipite hutafika mbali. Neno moja maana moja? Mwombe akueleze kitenzi *dǎ*. Kamusi itakwambia ni kupiga. *Dǎ diànhuà* ni kupiga simu. *Dǎ pēntì* ni kupiga chafya. *Dǎ hāqian* ni kupiga miayo. *Dǎ zhēn* ni kupiga sindano, *dǎ zì* ni kupiga chapa, na radi ikipiga, Mchina husema *dǎ léi*. Siku nilipoanza kuyaokota haya, nikiwa mwanafunzi Wuhan, nilicheka peke yangu bwenini, nikajiuliza nani kawafundisha hawa watu Kiswahili. Kisha tunaachana njia: *dǎ yú* ni kuvua samaki, *dǎ chē* ni kuchukua teksi, *dǎ máoyī* ni kufuma sweta. Kitenzi ni kilekile kimoja. Kiingereza hapo kinahitaji maneno tofauti karibu kila mara, na mengine hayana kipigo chochote ndani yake.

Kwa nini basi binti haoni kwamba *dǎ* ina maana nyingi? Kwa sababu hajawahi kuikuta imesimama peke yake. Muulize ghafla, "*dǎ* maana yake nini?" na huenda atakujibu kwa swali: "*dǎ shénme*?" Dǎ nini? Ndivyo na wewe ungejibu mtoto akikuuliza maana ya "piga". Piga nini, mwanangu? Piga picha, piga pasi, piga mbizi, piga kura? Hatuoni utata kwa sababu jirani wa neno huuondoa kabla haujafika kichwani.

Kwenye Kichina jambo hili limejengwa hadi kwenye mfumo wa lugha. Wao hutofautisha *zì* na *cí*. *Zì* ni herufi moja, silabi moja, na mara nyingi hubeba maana kadhaa zinazoelea. *Cí* ni neno, na katika Kichina cha leo maneno mengi ni ya silabi mbili: *zì* mbili zimeshikana na kila moja imembana mwenziwe asitangetange. *Dǎ* ni tope bichi. *Dǎsuàn* ni kukusudia, *dǎsǎo* ni kufanya usafi, *dǎting* ni kuulizia habari. Mtoto wa Kichina anakua akijua bila kufundishwa kwamba silabi moja haimalizi maana, ngoja ya pili.

Halafu akiwa darasa la tatu Kiingereza kinaanza. Mwalimu anaandika ubaoni "meet", na pembeni yake anaandika *yùjiàn*, kukutana na mtu. Silabi mbili, *cí* kamili, mlango umefungwa. Hapo ndipo kosa linapoingia. Mtoto anahitimisha kwamba "meet" nayo ni *cí*, kitu kilichokamilika kisichongoja mwenzake. Miaka kumi baadaye anakuja kwako Dodoma kwa video akiwa na *cí* zaidi ya 4,000 za namna hiyo, zote zimefungwa kwa funguo za Kichina, na anashangaa kwa nini benki inakataa kukutana na bei.

Kwa hiyo jambo la kwanza utakalowaambia somo lijalo ni hili, na uwaambie kwa maneno hayahaya: "meet" si *cí*, ni *zì*. *Cí* ni "meet a friend". *Cí* nyingine ni "meet the cost". Nyingine ni "meet the deadline". Nimelisema hili mbele ya Wachina wa rika tofauti na kila mara naona uso ule ule, mtu anatulia kidogo halafu anasema *ò*, kama aliyekumbuka alikoweka miwani. Huwafundishi jambo jipya. Unawaruhusu kutumia kwenye Kiingereza ujuzi wanaoutumia kwao mchana kutwa.

Kuna sehemu ya pili ya tatizo, nayo inakwenda upande mwingine. Si kwamba neno moja la Kiingereza linagawanyika tu kwa Kichina. Neno moja la Kichina nalo linameza maneno kadhaa ya Kiingereza. *Wèntí* ni swali, na ni tatizo pia. Mtafiti Nan Jiang alichapisha mwaka 2002 jaribio alilowafanyia Wachina waliokuwa tayari wanakijua Kiingereza vizuri. Aliwaonyesha jozi za maneno ya Kiingereza yanayokaribiana maana, wapime yana uhusiano kiasi gani. Jozi ambazo kwa Kichina hutafsiriwa kwa neno moja walizihukumu kwa haraka zaidi na kuziona zimekaribiana zaidi kuliko jozi nyingine. Wenye Kiingereza chao hawakuonyesha tofauti hiyo. Maana yake ni kwamba hata baada ya miaka mingi, mtu anasoma Kiingereza juu juu lakini chini yake Kichina kinaendelea kuendesha mitambo. Neno la Kiingereza limevishwa lebo, ila ndani ya chupa kinywaji ni kilekile cha zamani.

Makosa utakayoyasikia kwa vijana wako mengi yanatoka hapo. Kitenzi *kāi* hufungua mlango, huwasha taa, huendesha gari, huitisha mkutano, huchanua ua na huchemsha maji. Ndiyo maana watakwambia "open the light" bila wasiwasi wowote, na tusiwacheke, maana wako watu kwetu wanaofungua redio kila asubuhi. *Kàn* huangalia televisheni, husoma kitabu, humtembelea rafiki na humwona daktari. Kwa hiyo anasema "look a book". *Jiè* ni kuazima na pia ni kuazimisha. Hili la mwisho Mswahili hana haki kabisa ya kulishangaa: "niazime kalamu yako" na "kalamu hii nimeiazima kwake" hutumia kitenzi kimoja pande zote mbili, na hakuna kalamu iliyowahi kupotea kwa sababu hiyo. Zimepotea kwa sababu nyingine.

Nije kwenye orodha yako. Kwa nini ilifutika? Angalia kwanza wao wanaitaje kazi hiyo: *bèi dāncí*. *Dāncí* ni maneno. *Bèi* ni kukariri, lakini herufi hiyohiyo ni mgongo, na ukiisoma kwa toni ya kwanza, *bēi*, ni kubeba mgongoni. Wanafunzi wa China wana utani wao kuhusu "abandon", kwa kuwa ndilo neno linalokaa mwanzoni mwa vitabu vingi vya maneno vilivyopangwa kialfabeti: kila Januari mtu anafungua kitabu, anakariri "abandon", na kama neno lenyewe linavyoagiza, anaacha. Wewe uliwapa mzigo wa mgongoni. Mbaya zaidi, uliwapa maana tano za neno moja siku moja. Vitu vinavyofanana sana vikiingia kichwani pamoja hukanyagana. Ni kama kutambulishwa kwa mapacha watano kwa mkupuo. Ukitoka pale utamkumbuka mmoja, tena yule uliyemjua tangu zamani. Maana ya kwanza ndiyo imebaki kwa sababu imekaa humo miaka kumi na wapangaji wapya hawakupewa hata kitanda.

Tena mwalimu, maana zote? Wanaotengeneza kamusi kubwa ya Oxford walipokikagua upya kitenzi "run" walihesabu maana zaidi ya 600. Hakuna Mwingereza anayezijua. Mwaka 1953 Michael West alitoa orodha ya maneno yapatayo 2,000 ya msingi, na ubora wake mkubwa, kwa maoni yangu, ulikuwa kuonyesha kila maana ya neno inatokea kwa kiasi gani. Zipo maana zinazobeba sehemu kubwa ya matumizi na zipo zinazoonekana kama kupatwa kwa jua. Kwa vijana wa IELTS, chagua maneno 40 tu yanayosumbua kwenye maandishi ya kitaaluma: "address", "issue", "figure", "term", "subject", "raise", "draw", "hold", "bear", "cover", "meet", "charge" na ndugu zao. Kila neno maana tatu, nne zikizidi sana. Zile za mpira wa kriketi waachie wenyewe.

Sasa uchaguzi wa njia. Walimu wengi watakwambia tafuta maana ya msingi, ile picha moja iliyo chini ya zote, na uifundishe hiyo. Ni njia nzuri na nitakuonyesha inavyofanya kazi, kisha nitakuonyesha inapokwama.

Chukua "charge". Mwanafunzi anajua kuchaji simu, *chōngdiàn*. Kisha anakuta daktari ame-"charge" hela, polisi wame-"charge" mtu kwa wizi, na dada fulani yuko "in charge" ya ofisi. Kwa Kichina hayo ni maneno manne yasiyojuana. Lakini neno hili lilitokana na Kilatini cha baadaye, kitenzi cha kupakia mzigo kwenye gari la kukokotwa. Basi waambie: mzigo. Umeitwisha betri umeme. Daktari amekutwisha gharama. Polisi wamemtwisha mtu tuhuma. Bosi amemtwisha dada ofisi nzima. Mchoro mmoja ubaoni wa mtu na gunia kichwani unatosha kwa zote nne, na Wachina, ambao wamezoea kuona picha ndani ya herufi, huupokea haraka sana. Sisi tuliochukua neno hilo kwa mkopo tulibeba vipande viwili tu, unachaji simu na fundi anakuchaji elfu kumi; vingine tukaviacha bandarini.

Inakwama wapi? Inakwama pale ambapo hakuna picha moja kwa sababu hayakuwa neno moja. "Match" ya mpira na "match" ya kuwashia moto yana asili tofauti, yamegongana tu kwa sauti na tahajia. Vivyo hivyo yule dubu wenu: "bear" mnyama na "bear" kustahimili hawana ukoo. Ni kama paa la nyumba na paa wa porini. Ukikaa kutafuta kinachowaunganisha utaishia kumwambia mwanafunzi uongo mtamu. Kwa maneno hayo sema wazi kwamba ni mawili, yanafanana kwa bahati, na uendelee na somo. Wachina hawasumbuki na hilo, kwa sababu lugha yao imejaa silabi zinazotamkwa sawa na kuandikwa tofauti.

Na hata picha ya msingi inapokuwepo, humsaidia mtu kuelewa akisoma. Haimsaidii sana kuandika. Ukijua "meet" ni vitu viwili kufikiana, utaelewa "meet the cost". Lakini hakuna picha itakayokwambia kwamba Waingereza husema "meet a need" na si "reach a need". Hilo linatokana na jirani tu, na jirani hukaririwa.

Kuhusu kupiga marufuku Kichina, hapana. Neno jipya kabisa la kitu kinachoshikika, kama figo au bomba, fasiri ya Kichina ni njia fupi na salama, na ukiizuia watafasiri kimyakimya kichwani ambako huwezi kuwasahihisha. Unachopaswa kubadilisha ni mahali fasiri inapowekwa. Isiandikwe pembeni ya neno. Iandikwe pembeni ya neno pamoja na jirani yake. Si "meet: *yùjiàn*". Ni "meet a friend: *jiàn péngyou*", na mstari wa chini yake "meet the needs: *mǎnzú xūyào*". Mwanafunzi akiona mwenyewe kwamba Kichina chake kimebadilika kutoka mstari hadi mstari, somo limejifundisha.

Kamusi za Kiingereza kwa Kiingereza zilizoandikwa kwa ajili ya wanafunzi ni nzuri kwa kiwango chao, kwa sababu hutoa sentensi za mfano na nyingi hutanguliza maana zinazotumika zaidi. Hata asili yake haiko mbali nao: A. S. Hornby, mmoja wa walioasisi aina hiyo, alikuwa anafundisha Japani, na kamusi yake ya kwanza ilitoka Tokyo mwaka 1942 kabla Oxford hawajaitoa tena 1948. Ila ni nzito. Mtu akifungua "run" na kukuta kurasa mbili atarudi kwenye simu yake. Waambie waifungue kwa kazi moja: kutafuta sentensi ya mfano yenye jirani wanayemtaka, basi, wafunge.

Somo lijalo fanya hivi na "meet". Andika neno hilo peke yake kwenye kioo cha kompyuta na uwaulize maana yake, akijibu mtu *yùjiàn*, mrudishie swali lao wenyewe, "meet *shénme*?" Wakishacheka, weka sentensi nne, za kawaida tu: watu walikutana stesheni, mpango haukidhi mahitaji yetu, amewahi tarehe ya mwisho kwa saa moja, nani atalipa gharama. Zote ziwe na "meet". Usifasiri. Uliza katika kila sentensi ni vitu gani viwili vinafikiana. Mtu na mtu. Mpango na mahitaji, kama maji yanayopanda hadi kwenye alama ya ndoo. Kazi na tarehe. Pesa na bili. Kisha kila mmoja aandike kwa herufi za Kichina angesemaje sentensi hiyo nyumbani kwao, na walinganishe wao kwa wao. Utaona wanabishana, na usiingilie. Huwezi kusoma walichoandika, lakini ubishi huo ndio kazi yenyewe. Dakika kumi na tano zinatosha. Siku tatu baadaye fungua somo kwa majirani peke yao: "deadline", "needs", "the cost". Wakutajie kitenzi. Baada ya wiki rudia, ukichanganya na majirani wa "charge" na "bear". Maneno mawili kwa wiki hayaonekani mengi, lakini miezi mitano ukizingatia mtakuwa mmeyamaliza 40, na hayo ndiyo yanayowaangusha.

Kwenye kusoma kuna tabia moja nataka uwajengee, na ndiyo ningeichagua kama ningeruhusiwa moja tu. Neno geni linapiga kengele: mwanafunzi anasimama, anakisia, anatafuta. Neno analolijua halipigi kengele yoyote. Anapita nalo akiwa na imani kamili, kisha aya nzima inapinda na yeye anaulaumu msamiati mgumu uliokuwa jirani. Yule wa dubu alikuwa na bahati, dubu alikuwa mkubwa, akaonekana. Hatari ni pale maana ya uongo inapokaa vizuri kiasi cha kutotiliwa shaka, kama mtu anayesoma "the school was founded in 1987" akaelewa shule ilionekana mwaka huo, labda ilikuwa imepotea. Wazoeze hivi: sentensi ikikataa, usimshuku mgeni, mshuku neno fupi unalolijua tangu darasa la tatu. Wapigie mstari maneno mafupi. Utashangaa mara ngapi mhalifu yuko humo.

Neno kuhusu sauti, kwa ufupi, kwa kuwa IELTS ina kusikiliza. Kiingereza kina maneno kama "record" na "present" yanayobadili maana kwa kuhamisha mkazo: jina likibanwa mwanzoni, kitenzi mwishoni. Sisi tuna barabara ya magari na barabara ya sawasawa. Wao wana bora zaidi: herufi ileile ukiitamka *zhǒng* ni mbegu, ukiitamka *zhòng* ni kupanda mbegu. Wape mfano huo wa kwao kwanza, halafu "record". Mtamaliza kabla chai haijapoa.

Matokeo usiyatarajie haraka. Kwenye kusoma utaona tofauti kwa miezi miwili hivi, kwenye kuandika itachelewa zaidi, na "open the light" itaendelea kutoka vinywani wakichoka. Mimi nimekaa na Kiingereza zaidi ya miaka thelathini na bado Kiswahili hunitoka ndani yake kama shati lisilochomekewa.

Yapo mambo ambayo jibu la maandishi halifiki. La kwanza ni kwako: Chuo Kikuu cha Dodoma kina Taasisi ya Konfusio, na wako walimu wa Kichina hapo. Nenda ukae na mmoja wao alasiri moja ukiwa na daftari za wanafunzi wako. Atakuonyesha kwa kidole makosa yaliyozaliwa na Kichina na yale ya uzembe wa kawaida, jambo ambalo mimi kutoka huku siwezi kulifanya. La pili, ukiona mmoja wao anapotea hata kwenye maneno yenye maana moja, anaruka mistari, anasoma polepole kuliko wenzake kwa tofauti kubwa, muulize kwa upole na faraghani kama kusoma Kichina nako kulimtesa tangu shule. Akisema ndiyo, hilo si suala la msamiati tena. Anahitaji kuonana ana kwa ana na mtaalamu wa matatizo ya kusoma huko aliko, na vyuo vingi vya kwao vina ofisi ya ushauri anayoweza kuanzia. Hukohuko ndiko pa kumwelekeza anayekwambia anakariri hadi saa nane za usiku bila kulala. Kwa huyo, kabla hata ya ofisi, mpunguzie maneno wewe mwenyewe.

Na ile orodha ya 200 usiitupe. Mpe yule binti wa benki kazi: kila wiki achague humo maneno mawili yaliyomkera zaidi, awaletee wenzake majirani wa kila moja. Anaonekana ana hasira na Kiingereza, na mwanafunzi mwenye hasira hutafuta ushahidi kwa bidii.